Mtoto Aliyemkimbilia Jirani

Kwanza niliwaonea wivu akina mama wote wa kanisa letu. Nilikuwa nasimama kwenye korali, mstari wa mbele, sauti ya kwanza, na kila nilipofungua kinywa kuimba niliwaona wamekaa kwenye mabenchi na watoto wao. Huyu amelala mgongoni, yule anatafuna mahindi, mwingine anapiga makofi nje ya mdundo na watu wanamcheka kwa upendo. Binti yangu alikuwa nje, amejikunja nyuma ya ukuta, ameziba masikio, analia kwa sauti ambayo hata spika zetu mbili kubwa hazikuweza kuifunika. Shemasi alinipungia mkono kama mtu anayefukuza kuku: toka, mama, mtoto wako.

Nilitoka. Nilitoka kila Jumapili kwa karibu miaka miwili, katikati ya wimbo, na nyuma yangu sauti ya kwanza iliendelea vizuri tu bila mimi. Hilo pia liliniuma.

Sisi ni Wakongomani, tumetoka upande wa Fizi. Tulifika Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, nikiwa na mimba yake. Ni kitindamimba wetu, baada ya kaka wawili. Alipokuwa na miaka miwili alisema "mama" na "maji," halafu maneno yale yakaondoka moja moja, kama wageni walioona hawakupewa kiti. Akiwa na miaka saba hakuwa na neno hata moja. Hakula maharage yakigusa ugali. Ukimwachia mahindi aliyapanga kwa urefu, toka mlangoni mpaka jikoni, na ole wako ukiruka mstari.

Kanisani walimwombea. Sitasema hawakumpenda. Lakini siku moja walimzunguka watu sita na kumwekea mikono, mikono kumi na miwili juu ya mtoto asiyeweza kuguswa hata nywele. Akamng'ata kiongozi wa korali mkononi. Toka siku hiyo neno pepo lilianza kutembea. Mchungaji, ambaye ni mtu mpole, aliniita pembeni.

"Mama, tunamupenda mutoto," aliniambia. "Lakini batu banashindwa kusikia Neno. Labda ungebaki naye nyumbani kwanza, mpaka Mungu atende."

Nikabaki nyumbani. Jumapili nilisikia korali kwa mbali, nikapika kwa hasira.

Jirani yangu wa nyuma ya nyumba ni Mrundi, Mkatoliki. Mume wake anatengeneza baiskeli, na yeye analima mboga za lengalenga na kuziuza. Ni mdogo kwangu kwa miaka kama minane, na hana mtoto. Alikuwa amejifunza kwetu Wakongomani kuniita yaya, yaani dada mkubwa. Mimi nilimwita mama jirani. Hatukuwa marafiki sana. Tulikopeshana chumvi na moto.

Jumapili moja nilikuwa naosha sufuria, nikageuka, mtoto hayupo. Nilikimbia mpaka barabarani, nikarudi, ndipo nikachungulia kwenye ua wa jirani. Mama jirani alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua maharage. Binti yangu alikuwa kifuani mwake, amefungwa kwa kitenge kama mtoto wa mwezi mmoja, miguu mirefu imening'inia. Alikuwa kimya. Alikuwa anasugua pindo la kitenge kwa vidole viwili, macho yamefumba nusu.

"Sikumuita, yaya," alisema haraka. "Alikuja mwenyewe."

"Umemufanya nini?"

"Nimemufunga nguvu kidogo. Anapenda kubanwa."

Shukrani yangu ilidumu kama muda wa kunywa kikombe cha maji. Baada ya hapo nilibaki na swali: kwa nini mimi niliyemzaa sikujua kwamba anapenda kubanwa? Miaka saba nilikuwa namshika kama yai. Nilijaribu jioni ile, nikamfunga kitenge changu kama nilivyoona. Alijinyonganyonga, akatoka, akaenda kusimama upande wa ukuta ulio karibu na nyumba ya jirani.

Baada ya wiki chache mama jirani aliniomba ruhusa ya kwenda naye misani. Kigango chao ni kidogo, alisema, hakina spika, na wanaimba polepole. Nilikubali kwa sababu nilitaka Jumapili moja nirudi kwenye korali. Niliimba wimbo mmoja. Katikati ya wa pili nilishindwa, nikatoka, nikaenda kuchungulia kwenye dirisha la kigango.

Misa ilikuwa haijaanza. Binti yangu alikuwa anagawa vitabu vya nyimbo. Alitembea benchi kwa benchi, akiweka kitabu kimoja kwenye kila kona, akikinyoosha kwa kidole mpaka kilingane na ukingo wa mbao. Watu walikuwa wamekaa wanamngoja. Mzee katekista alishika kengele bila kuipiga mpaka mtoto alipofika benchi la mwisho. Hakuna aliyempungia mkono.

Ningepaswa kufurahi, na nilipiga magoti pale nje nikajaribu kusema asante. Lakini kilichokuja hakikuwa asante. Niliwaza: kwao ana kazi, kwetu ana pepo. Halafu niliwaza jambo baya zaidi: yule mwanamke hata hajui uchungu wa kuzaa.

Upande wa shule ulikuwa hivyohivyo. Mara mbili nilikuwa nimempeleka shule ya msingi iliyo karibu, na mara mbili mwalimu mkuu alinirudisha. "Mama, huyu mtoto yeye nasumbua wengine," alisema kwa Kiswahili chake cha Uganda. "Hapa mwalimu ni moja, darasa imejaa." Mara ya tatu mama jirani alikuja nami. Aliongea na mwalimu wa darasa la kwanza, mwanamke kijana, akamwambia: nitakaa naye nyuma, karibu na mlango. Akichoka nitamtoa mwenyewe kabla hajalia.

"Wiki moja tu, tujaribu," mwalimu alisema.

Wiki moja ikawa muhula. Mwalimu alikata maboksi ya sabuni, akachora vitu: kikombe, choo, nyumba, jua. Mtoto akitaka kitu anainua picha yake. Asubuhi moja, katikati ya hesabu, binti yangu aliinua picha ya kikombe. Hakuwa ameomba kitu chochote kwa miaka mitano. Alikuwa akichukua au akilia. Sasa aliomba maji, na alimwomba mama jirani. Habari hiyo niliipata bombani, kwa mwanamke mwingine, nikiwa na jeriken mkononi. Watu walinipongeza. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Ni mwalimu yule aliyetuandikia barua ya kwenda hospitali Mbarara, mtoto akaangaliwe na watu wanaojua. Sikutaka mama jirani aje. Lakini nilijua kwamba njia ni ndefu, mpaka Kabingo, mpaka Kaberebere, mpaka mjini, na kwamba mimi peke yangu nisingemfikisha. Tuliondoka mapema, watatu. Garini mtoto alikaa mapajani mwa mama jirani.

Hospitali kulikuwa na foleni, na zamu yetu ilipofika nesi mmoja alianza kuuliza maswali akiandika. Anakataa chakula gani? Anaogopa sauti gani? Akilia, anatulia kwa nini? Nilifungua kinywa kwa kila swali, na kila swali jibu lilikuwa limeshatoka upande wangu wa kushoto. Mama jirani hakuwa na nia mbaya. Alijua tu. Alijua kwamba honi ya pikipiki haimtishi lakini kofi dogo la mkono linamtisha. Alijua kwamba kabla ya kulia huwa anakunja kidole gumba ndani ya ngumi. Mimi sikuwahi kukiona kidole hicho.

Halafu alikwama kwenye swali moja, akanigeukia. "Yaya, ile homa kali ya mwaka jana, ilikuwa mbele ya mvua ama nyuma?"

Nesi aliinua kichwa, akanitazama mara ya kwanza.

"Aah, wewe ni yaya," alisema. Kwa Waganda, kama kwa watu wengi, yaya ni mfanyakazi wa kulea mtoto. "Basi yaya wewe ngoja hapa inje. Mama na mtoto nyinyi ingia kwa daktari."

Na akafungua mlango.

Mama jirani alicheka kidogo, akaona uso wangu, akanyamaza. "Hapana, hapana. Mama ni huyu."

"Pole, mama," nesi aliniambia. "Mimi naona mtoto nakaa na yeye, nafikiri…"

Nilimchukua binti yangu kwa nguvu kutoka mapajani mwa jirani, nikaingia naye, nikafunga mlango kwa kisigino. Alianza kupiga kelele hata kabla sijakaa. Alijivuta kuelekea mlangoni, akapiga mbao kwa viganja. Daktari, mwanamume mtulivu mwenye miwani, alingoja kidogo. Halafu akauliza, bila ubaya wowote: "Kuna mtu anayeweza kumtuliza?"

Nikaenda mimi mwenyewe kumwita.

Siku hiyo ndipo tulipoambiwa. Daktari alitumia neno la Kiingereza, na baadaye mwalimu aliniambia kwamba kwa Kiswahili ni usonji. Alisema si pepo. Alisema si laana, si dhambi ya mama, si kitu nilichokula nikiwa na mimba. Ubongo wake unasikia na kuona kwa namna yake, na anaweza kujifunza. Maneno hayo nilikuwa nimeyangoja miaka saba, na yalipokuja niliyasikia kama redio ya nyumba ya pili. Nilikuwa namtazama mwanangu akipumua kwenye shingo ya mwanamke mwingine.

Tuliporudi, gari lilisimama Kaberebere. Mama jirani alinunua ndizi za kuchoma, akanipa moja. Nilisema nimeshiba. Sikuwa nimekula toka asubuhi.

Kesho yake nilikwenda bombani, na mwanamke mmoja akaniuliza safari ilikuwaje, na mbona yule Mrundi aliongozana nasi. Nilisema, kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa foleni: "Mutu asiyezaa anajua kuiba ya wengine."

Baadhi walicheka. Mmoja alinitazama, akageuza uso. Jeriken yangu ilikuwa bado haijajaa nilipojua kwamba neno hilo limeshafika.

Mama jirani hakuja kugombana. Angekuja tungepigana midomo, tukachoka, tukamaliza. Alifunga tu mlango wa ua wake. Jumatatu hakuja kumchukua mtoto kwenda shule. Binti yangu alijitayarisha mwenyewe, akachukua kitenge, akaenda kusimama mbele ya ule mlango wa matete. Alisimama mpaka jua likawa kali. Nilipojaribu kumtoa alipiga paji la uso kwenye nguzo, mara moja, mara mbili, mpaka ngozi ikachubuka.

Nikasema: vizuri, mimi ndiye mama, mimi nitakaa darasani. Nilikaa siku mbili. Siku ya kwanza alilia asubuhi yote. Siku ya pili alikunja kidole gumba ndani ya ngumi, nikakiona, nikajua maana yake, lakini nilikuwa nimechoka na watoto walikuwa wananitazama. Nilimshika mkono nikambana palepale alipokaa. Alining'ata. Nikampiga kofi mbele ya darasa zima.

Mwalimu aligeuka ubaoni, akaandika herufi ambayo ilikuwa imeshaandikwa. Baadaye nje aliniuliza tu: "Mama, yule mwenzako anakaa wapi siku hizi?"

"Anaumwa," nilidanganya.

Jioni mume wangu aliona alama za meno mkononi mwangu, akaona paji la uso la mtoto. Yeye ni mtu wa maneno machache. Analima mahindi na anakuja nyumbani kula. Aliweka tonge chini.

"Unataka mutoto atulie," aliuliza, "ama unataka atulie kwako tu?"

Nililala na hilo swali siku tatu, na siku ya nne mchana nikaenda.

Mama jirani alikuwa anapalilia lengalenga zake. Alinisikia nikiingia, hakuinuka.

"Nilisema neno mubaya juu yako," nilisema.

"Nilisikia."

"Nimekuja kuomba musamaha."

Aliendelea kupalilia mpaka mwisho wa tuta. Nilisimama pale kama mtu aliyekuja kudai kitu. Alipofika mwisho alikaa kwenye udongo, akaniambia habari ambayo sikuwahi kumwuliza. Alikuwa na mdogo wake wa kike, kule Burundi, aliyekuwa kama binti yangu. Watu wa nyumbani walipokwenda shambani walimfunga kamba kwenye nguzo ya jiko, asipotee, na yeye ndiye aliyetumwa kumpelekea chakula. Hapo ndipo alipogundua kwamba akimkumbatia kwa nguvu anatulia. Alimkumbatia kila mchana. Mdogo wake alikufa kwa malaria.

"Siku ya mazishi nililia peke yangu," alisema. "Kila mutu alimwambia mama yetu: sasa umepumuzika. Na mama aliitika ndiyo."

Nikakaa chini na mimi.

"Wewe unanionea wivu, yaya, najua. Niliona hospitali. Lakini wewe unaamuka unamukuta. Mimi namurudisha kila jioni."

Hakuja kesho yake, wala keshokutwa. Alikuja wiki iliyofuata, na alikuja na masharti. Yeye atakaa darasani siku tatu, mimi mbili. Atanifundisha kufunga kitenge, kwa sababu nilikuwa nafunga juu mno, kwenye mabega, badala ya mbavu. "Na ukiwa na wivu," aliongeza, "uje useme kwangu. Siyo bombani."

Nilijifunza polepole kuliko binti yangu. Mara ya kwanza alipotulia mikononi mwangu dakika chache, darasani, nyuma, karibu na mlango, sikuthubutu kumeza mate. Kisha mama jirani alipita nje na mtoto akainuka kumfuata. Nilikwenda jioni nikamwambia: leo nimekuonea wivu. Akasema, haya, na akanipa fungu la lengalenga.

Kanisani kwetu nilirudi kwa mchungaji. Nilimweleza maneno ya daktari, na nilimweleza pia nilichokiona kwenye kile kigango, ingawa kumsifia Mkatoliki mbele ya mchungaji wangu kuliniwia kazi. Nilimwomba saa moja tu bila spika. Kiongozi wa korali, yule aliyeng'atwa, alipinga. Alisema ibada bila vyombo ni kama kilio. Mchungaji alifikiri wiki mbili. Sasa tuna ibada fupi ya asubuhi, isiyo na spika wala ngoma. Nilidhani nitakuwa peke yangu na mtoto. Walikuja wazee, wengi, wenye presha na vichwa vinavyouma, wakasema walikuwa wanaitafuta ibada kama hiyo toka zamani. Binti yangu anawagawia Biblia. Akimwekea mmoja upande usio wake, mzee yule anahama, anakaa pale kitabu kilipo.

Ibada ya pili mimi naimba, na yeye anakuwa kwa jirani.

Mwezi uliopita mwalimu alituambia kuna shule Mbarara, upande wa Kakiika, yenye mwalimu aliyesomea watoto kama wetu. Watoto wanalala huko wiki nzima, wanarudi nyumbani Ijumaa. Binti yangu ana miaka tisa sasa. Tulikwenda kuitazama, watatu tena. Ni shule ya kawaida, yenye watoto wa kila namna, na kando kuna chumba kimoja chenye mikeka na rafu, na kila kitu kina picha yake.

Mwalimu alitoka kutupokea, mwanamke mnene anayetembea bila haraka. Hakutusalimia sisi kwanza. Alichuchumaa mbali kidogo na mtoto, akatoa mfukoni vifuniko vya chupa, akaanza kuvipanga chini kwenye mstari. Hakumtazama, hakumwita. Alipanga tu. Binti yangu aliachia kitenge cha mama jirani. Alikwenda, akachuchumaa, akanyoosha kifuniko kimoja kilichokuwa kimepinda. Walipanga pamoja. Halafu mwalimu aliinuka, akanyoosha kidole kimoja tu, na binti yangu akakishika, wakaingia ndani. Hakugeuka nyuma.

Tulibaki kwenye ukuta, mimi na mama jirani. Kitenge chake kilikuwa kimemlegea begani. Nilijua anachokisikia, kwa sababu mimi pia nilikuwa nakisikia, kilekile cha dirishani pale kigangoni.

"Yaya," alisema mwishowe, "huyu mwanamuke simupendi."

"Mimi pia simupendi," nilisema.

"Unaona alivyomushika? Kidole kimoja tu."

"Kidole kimoja."

Tulicheka mpaka mlinzi wa geti akatutazama, na tulipomaliza kucheka mama jirani alifuta macho kwa kitenge, akafuta muda mrefu. Kisha tulikwenda ofisini kuuliza muhula unaanza lini, na kama siku ya kumleta mzazi anaruhusiwa kuja na mtu mwingine.